Jina moja, majengo mengi: anza na namba

Katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria ya Marekani, jina rasmi peke yake halimfikishi mtu popote. Kaunti za Washington ziko katika majimbo zaidi ya 25. Ukiandika tu "Washington County Courthouse", msomaji hajui ni mahakama ipi.

Anza na namba ya usajili, maana hiyo haijirudii. Za zamani zina tarakimu 8, na mbili za mwanzo kwa kawaida ni mwaka: Sanamu ya Uhuru ni 66000058, yaani 1966. Za karibuni zina tarakimu 9 na huanza na 100, hivyo usitafute mwaka humo.

Kisha weka jimbo, kaunti, mji. Wengi huiruka kaunti, nao hukwama jimbo moja linapokuwa na First Presbyterian Church kadhaa. Zikiwa mji mmoja, shika mtaa. Mwaka wa ujenzi hauaminiki sana: makanisa huungua, yakajengwa tena.

Mtego mkubwa ni mipaka. Eneo la kihistoria lenye majengo mengi, lililosajiliwa kwa pamoja, likipanuliwa, nyongeza husajiliwa kwa namba yake yenyewe. Namba mbili, mahali pamoja: usipagawanye, ziandike namba zote pamoja.