Digrii mbili za jiko la Ayi

Januari 2024, mama mwenye nyumba wangu hapa Guangzhou alinigongea mlango usiku, mkono mmoja kashika futi na mwingine kopo la biskuti. Namwita Ayi, kama wanavyoitwa huku wanawake wa rika la mama zetu. Maana yake hasa ni mama mdogo. Alishasikia kwamba nasoma uhandisi ujenzi.

"Mwanangu, nichoree ramani ya nyumba yangu."

Yeye anakaa ghorofa ya chini yangu. Haraka yake ilitokana na kalenda. Katika hesabu za feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga nyumba kwa kufuata pande za dunia, kila miaka 20 ni kipindi kimoja: cha 8 kilianza 2004, na cha 9 kilikuwa kinaingia tarehe 4 Februari, siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Mtaalamu wake alikuwa mji mwingine na angeisoma nyumba kwa simu. Alichotaka ni ramani iliyogawanywa pande nane, pamoja na digrii zake.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nikapima vyumba, nikachora kwenye karatasi ya grafu, halafu nikaingia mtandaoni kutafuta jinsi ya kugawa. Nikapata mraba wa visanduku tisa: unaulaza juu ya ramani, mstari wa chini ukae upande wa mlango, na kona ya mbali kushoto ndiyo ya utajiri. Rahisi mno. Ayi alipouona alicheka mpaka akashika meza. "Huo wa Wamarekani!" Na kweli, ni mfumo uliosambazwa Marekani na mwalimu wa feng shui aitwaye Lin Yun, unaoanzia mlangoni bila kujali kusini ni wapi. Wazee wa huku wanatumia dira. Ukichanganya mifumo hiyo miwili unapata nyumba mbili ndani ya karatasi moja.

Haya, dira. Kuhusu dira nilikuwa na uzoefu wangu: nilipohamia hapa nilitafuta kibla kwa simu, na kila nilipogeuka sebuleni Makka ilihama. Mlango ni wa chuma, kuta zimejaa nondo, lifti iko nyuma ya ukuta. Kwa hiyo sikupoteza muda ndani. Tulishuka uani, tukasogea mbali na pikipiki za umeme, na Ayi akatoa luopan, yaani dira ya feng shui, ya marehemu mumewe: sahani ya duara inayozunguka ndani ya kibao chekundu cha mraba, nyuzi mbili nyekundu zimekatiza juu yake, na maandishi duara ndani ya duara. Duara moja lina "milima" 24, kila mlima digrii 15. Kila upande wa dunia unachukua mitatu, yaani digrii 45. Tukalinganisha ubavu wa kibao na ukuta wa jengo, tukasoma mara tatu sehemu tofauti: 171, 173, 172. Nikaandika 172. Jengo linatazama kusini, ingawa mlango wa Ayi unafungukia korido ya kaskazini. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wanadhani nyumba inatazama kule mlango unakotazama.

Kilichofuata ni kupata katikati. Nyumba ingekuwa mstatili ningechora mistari miwili ya kona kwa kona basi, lakini hii ina pembe iliyokatwa kupisha ngazi. Nikaibandika ramani kwenye boksi la viatu, nikaikata kwa kufuata kuta, nikaisawazisha juu ya ncha ya pini mpaka ikatulia. Hapo ndipo kitovu. Nikaweka protrakta, nikapiga mistari minane kutoka kitovuni hadi kutani, kama keki. Kaskazini ilianzia 337.5 hadi 22.5, na nyingine zikafuata.

Katika feng shui kila upande una namba yake. Nilipoziandika, Ayi akaguna. Kwake 9, ambayo ni ya moto na ya kusini, ilikuwa imekaa jikoni kaskazini. Nilikuwa nimenakili mraba wao wa namba tisa kama ulivyo, 4 9 2 juu, 3 5 7 katikati, 8 1 6 chini, juu ya ramani yangu yenye kaskazini juu. Wachina wa zamani walichora kusini juu. Hata dira wanaiita sindano inayoelekeza kusini. Nikageuza karatasi, mambo yakakaa.

Yakakaa, isipokuwa jiko. Katikati ya jiko la gesi ilisomeka digrii 336, ndani ya kaskazini-magharibi kwa digrii moja na nusu. Kwa watu wa feng shui huo ni moto kwenye lango la mbingu, na unamwangukia baba mwenye nyumba. Ayi alinyamaza. Mumewe alifariki wakiwa wanaishi humo humo. Nilijuta kujua kutumia protrakta.

Tukampigia mtaalamu. Hakuuliza habari za jiko, aliuliza roshani: imezibwa kwa vioo? Imezibwa, Ayi anaanika nguo humo. Basi ni sehemu ya nyumba, ihesabiwe. Mimi nilikuwa nimeiacha nje. Nikakata boksi jingine, safari hii pamoja na roshani, na kitovu kikasogea kusini kama sentimita 35. Jiko likasoma 338. Kaskazini.

Moyoni nilijua hesabu hiyo haina mashiko sana. Jiko lenyewe lina upana wa sentimita 70, na kutoka kitovuni linakalia digrii kama 10. Kipande kizuri chake bado kilikuwa kule kubaya, na dira yetu ilipishana na nafsi yake kwa digrii mbili nzima. Sikumficha. Nilimwonyesha kwa penseli mstari unavyolipasua jiko.

Ayi aliutazama, akaenda jikoni, akalisukuma jiko kuelekea mashariki shubiri moja. Mpira wa gesi ukawa mfupi, ikabidi aitwe fundi, na kwenye vigae pakabaki mstari wa mafuta pale lilipokuwa miaka yote. Kodi hakunipunguzia hata yuan moja. Sikukuu ilipofika aliniletea machenza mfuko mzima, yenye majani yake.