Ijumaa yangu, kutoka Likoni hadi mjini Mombasa

Saa 11 alfajiri. Simu inanisomea saa, naamka. Chai ya rangi, mahamri ya jana. Hapo sina jipya la kukusimulia.

Saa 12 na nusu, kivukoni Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi, kwa hiyo ni kusukumana tu. Msongamano nimeuzoea. Wanaonichosha ni wasaidizi. Mtu ananidaka mkono bila hata salamu, ananikokota mbio kwenye feri, fimbo inaburuzika. "Kaka, niachie, wacha mimi nikushike kiwiko." Asiyeona ndiye anayemshika mwenzake, akawa nusu hatua nyuma, mwili wa aliye mbele unamwambia kama pana ngazi au mteremko. Akasonya. "Vipofu siku hizi wana maringo!"

Saa 2, kazini. Mimi ni opereta wa simu katika ofisi moja hapa mjini. Kwenye laini naitwa "madam", naombwa radhi, nashukuriwa. Yuko mteja mmoja anayepiga mara kwa mara, tumezoeana hadi akiwa na mafua namjua. Leo kaja mwenyewe. Nimemtambua alipotoa salamu tu. Akamuuliza mwenzangu wa meza ya pili, "Huyu naye anamngoja nani?"

"Huyo ndiye unayeongea naye kwa simu."

Kimya. Halafu, bado kwa mwenzangu: "Sasa majina anayaandikaje?"

Nikajibu mimi mwenyewe: kompyuta inanisomea, na kuchapa nachapa kukushinda. Akacheka sana. Wakati wa kuondoka alimuaga mwenzangu peke yake.

Saa 7 na nusu mchana. Niko mtaani Makadara, kando ya njia, namsubiri rafiki yangu. Watu ndio wanatoka kuswali. Nimevaa buibui safi, kadi ya kazi shingoni, na bado naingizwa kitu kiganjani: shilingi 20, pana kidogo kuliko ya 10. "Shika mamangu, uniombee dua." Ukimrudishia ataona umemtukana. Wapo wenzetu wanaoketi nje ya misikiti kila Ijumaa kwa kukosa kazi, na wakishaonekana wao, kila mwenye fimbo huhesabiwa nao. Pesa nikaitia mkobani. Dua nimeomba, ya kwamba aangalie kadi siku nyingine.

Rafiki yangu alizaliwa kiziwi, macho yakafuata ukubwani: kwanza usiku, kisha pembeni, taratibu. Daktari aliuita ugonjwa wa Usher. Tunaongea kwa lugha ya alama, mikono yangu ndani ya yake, na wapita njia wanaona tunacheza. Fimbo yake ameizungushia tepu nyekundu juu ya nyeupe, alama ya asiyeona wala kusikia, lakini mjini hapa ni wangapi wanaoijua? Wanampigia honi na kumtukana kwa kutosogea.

Alitaka kutoa pesa kwenye simu. Wakala, kijana wa sauti nyororo, aliniambia mimi: "Aseme namba ya siri nimbonyezee." Nikamwambia ni ya siri, na simu yake tutaibonyeza sisi. Akakataa. "Hesabu ikiharibika nitaulizwa mimi. Mje na mtu mzima." Umri wetu ukijumlishwa unapita miaka 80.

Nilipomtafsiria viganjani, vidole vyake vilikaza juu ya vyangu. Akaniuliza: alisema hivyo, au wewe umefupisha? Alisema hivyo.

Duka la tatu tulihudumiwa na mama mmoja. Aliomba kitambulisho, akamshikisha noti moja moja, na rafiki yangu akazipapasa mistari ya pembeni, ile iliyowekwa kwenye noti mpya za 2019. Haikuchukua muda.

Saa 11 jioni, matatu ya kurudi feri. Makanga alimuuliza abiria wa kando yangu ninashukia wapi. Abiria akamjibu, "Mimi nitajuaje?" Nikampenda.

Saa 3 usiku. Ujumbe wa rafiki yangu, simu yangu imenisomea. Yeye husoma kwa kifaa cha Breli, maandishi ya nukta za kupapasa. Nilikuwa nimemshauri awe anakwenda kwa yule mama. Hataki. Yule kijana yuko chini ya nyumba yake, anasema, kwa nini atembee maduka matatu? Anataka kumpelekea kifungu cha 54 cha Katiba, kile kinachompa mlemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutumia lugha ya alama na Breli. Jumatatu saa 7 mchana, mimi niende kutafsiri.

Nimemjibu nitakuja, ila asinifanye nitafsiri matusi.