Giza la Saa Kumi Jioni: Afya ya Mwanafunzi wa Afrika Mashariki Uingereza

Mwanafunzi anayetua Glasgow, Scotland, mwezi wa tisa hukuta mwanga bado upo na hewa kama ya Njombe au Limuru, akadhani kitakachomsumbua ni baridi. Baridi ina dawa yake: koti zito, soksi za sufu, hita chumbani. Kinachowaangusha wengi ni giza. Katikati ya Desemba jua la Glasgow huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Ni saa saba tu za mchana, wakati Mombasa na Dar es Salaam mchana ni saa kumi na mbili hivi, mwaka mzima. London wana nafuu ya karibu saa moja zaidi, basi.

Kwetu mazingira yenyewe hubeba nusu ya kazi ya kumtunza mtu. Jua linakupiga ukielekea stendi, jirani anabisha hodi akiona mlango haujafunguliwa, duka la dawa liko kona ya mtaa. Huku kila kimoja kati ya hivyo unakipanga mwenyewe, na muda wa kukipanga ni wiki za mwanzo, mwili ukiwa bado na nguvu.

Anza na vitamini D. Ngozi huitengeneza kwa miale ya jua aina ya UVB, na Uingereza miale hiyo huwa hafifu mno kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi inayoizuia, hivyo sisi tunahitaji jua zaidi kupata kiasi kilekile. Ndiyo maana NHS, huduma ya afya ya taifa, inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na watu wa asili ya Kiafrika wafikirie kumeza mwaka mzima. Kwenye kichupa kiasi hicho huandikwa pia 400 IU. Madukani utaona vidonge vya 1,000 IU, hata 4,000 IU. Hiyo 4,000, yaani mikrogramu 100, ndiyo kikomo cha siku kwa mtu mzima. Ukizidisha kwa muda mrefu, kalsiamu hujaa kwenye damu na kuumiza figo. Meza pamoja na chakula chenye mafuta. Kwa Waislamu, soma maganda yametengenezwa kwa nini: mengi ni jelatini ya wanyama, lakini vidonge visivyo na jelatini vinapatikana kwa urahisi.

Sasa hapa watu huchanganya mambo mawili. Kutembea nje Desemba hakukupi vitamini D, hata jua liwake, na kukaa nyuma ya kioo cha dirisha ndiyo kabisa, kwa kuwa kioo huzuia UVB. Lakini kutembea huko kunahitajika sana kwa sababu nyingine: mwanga unaoingia machoni ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha. Anayelala hadi saa tano asubuhi, akasomea chumbani chini ya taa, akatoka saa kumi jioni, hajauona mchana siku hiyo. Akifululiza wiki mbili, usingizi unahamia alfajiri, hamu ya wanga inapanda, kichwa kinakuwa kizito. Toka nje nusu saa kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, hata mbingu zikiwa za mawingu. Nje kwenye mawingu bado kuna mwanga mwingi kuliko darasani. Wapo wanaonunua taa maalumu za mwanga mkali. Inayofaa ni ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), unakaa mbele yake dakika 20 hadi 30 mara baada ya kuamka, ikiwa pembeni ya macho, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuugua hali ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, amuulize daktari kwanza.

Kuhusu daktari: huduma hii umeshailipia. Ada ya afya inayolipwa pamoja na maombi ya viza ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, tangu Februari 2024, na anayekuja kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hulipa 1,164 kwa kuwa viza yake huwa na miezi ya ziada. Inasikitisha kuona mtu aliyetoa fedha hizo amekaa na maumivu miezi mitatu kwa kuogopa bili. Kumwona GP, yaani daktari wa eneo lako, ni bure, lakini lazima uwe umejisajili, na usajili huchukua siku kadhaa. Jaza fomu wiki ya kwanza. Ukiambiwa mapokezi kwamba bila uthibitisho wa anwani haiwezekani, jibu kwa upole kwamba mwongozo wa NHS hauruhusu kumkataa mtu kwa kukosa hati hizo. Ukihama nyumba kwenda eneo jingine, jisajili upya.

Miadi mara nyingi ni dakika kumi, na kliniki nyingi hugawa nafasi za siku hiyo simu zinapofunguliwa, saa mbili asubuhi. Andika kabla: tatizo limeanza lini, linakuja mara ngapi, umemeza nini. Desturi yetu ya kuanza kwa salamu ndefu na kuufikia ugonjwa mwishoni hula dakika zote. Na kama Kiingereza cha magonjwa kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi, hulipi chochote.

Usitarajie kununua amoksilini dirishani. Antibiotiki hutolewa kwa cheti, na mafua ya virusi hutapewa hata ukibembeleza, maana haziyatibu. Ila England, tangu Januari 2024, mfamasia anaweza kutibu mwenyewe matatizo saba, yakiwemo maumivu ya koo, mkanda wa jeshi, na UTI isiyo kali kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Dawa ya cheti England ni pauni 9.90 kwa kila aina. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni bure. Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1 ya kuomba msaada wa gharama za matibabu, ambayo mwanafunzi wa kigeni pia anaruhusiwa kuijaza. Kosa la hatari kwenye mafua ni kumeza parasetamo vidonge viwili kisha kunywa ule unga wa mafua wa kukoroga na maji moto, ambao mara nyingi una parasetamo ndani yake. Kikomo ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, ukijumlisha kila chanzo. Zaidi ya hapo ini linaumia kabla hujahisi chochote.

Meno na miwani havimo ndani ya ile ada kwa ukamilifu, na daktari wa meno wa NHS ni shida kumpata. Malizia nyumbani kabla ya safari.

Jikoni, tatizo liko kwenye kiporo. Wali ukiachwa juu ya jiko usiku kucha, bakteria waliostahimili kuchemshwa huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiui. Tandaza wali kwenye sahani upoe, uingize kwenye friji ndani ya saa moja, uule ndani ya saa 24, upashe mara moja tu hadi utoe mvuke. Maharage mekundu makavu nayo yana sumu yake ya asili. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali dakika 10 ndipo upunguze. Ile sufuria ya umeme ya kupika polepole haifiki joto la kutosha. Ukiyatia mabichi humo yatalainika huku sumu ikibaki, na matokeo yake ni kutapika ndani ya saa chache. Ya kopo yameshapikwa, hayana neno. Mchicha mbichi ukiwa ghali, spinachi ya kugandishwa ni mbadala mzuri.

Chumba kinachotoka ukungu mweusi ukutani kinadhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu. Fungua dirisha dakika kumi kila asubuhi, futa maji ya kioo, funika sufuria ukipika, usianike nguo juu ya hita. Ukungu ukirudi, piga picha yenye tarehe na umwandikie mwenye nyumba. Ngozi ikipauka, oga kwa maji vuguvugu na upake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu.

Kuhusu moyo na akili, tuseme wazi. Wengi wetu tukiulizwa hali hujibu «nimechoka tu», na daktari wa huku huandika hivyohivyo. Mwambie kwa hesabu: siku ngapi katika wiki mbili hukulala, hukula, hukutoka chumbani. Dodoso atakalokupa, lenye maswali tisa, linauliza hasa wiki hizo mbili. Swali la mwisho linahusu kutamani kufa au kujidhuru; lijibu kwa ukweli. Wazazi hawaambiwi, na chuo hakiambiwi bila ridhaa yako, isipokuwa maisha yako hatarini. Ushauri nasaha wa chuo ni bure pia, lakini una foleni, kwa hiyo omba Oktoba, usisubiri Januari. Usiku ukizidiwa, England piga 111 kisha bonyeza 2. Samaritans, shirika la kuwasikiliza waliozidiwa na mawazo, wako kwenye 116 123 saa zote, bure. Hatari ya papo hapo ni 999.

Simu za nyumbani husaidia, ila tazama saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti huwa saa tatu, hivyo saa tatu usiku ya huku mama ameshafika saa sita. Pangeni saa kumi na mbili jioni ya huku.

Na ukienda nyumbani likizo, usijidai mwenyeji mbele ya mbu. Kinga ya malaria ya mtu mzima hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na hupungua ukikaa mbali. Pata dawa ya kinga kabla ya kuondoka; yenye atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla, kila siku ukiwa huko, na siku saba baada ya kurudi. Homa yoyote ndani ya mwaka tangu urudi, usiiite mafua. Mwambie daktari siku hiyohiyo umetoka wapi, uombe kipimo cha malaria.