Chuma kirefu ndani, makovu mawili tu nje

Tangu nitoke hospitali swali ni lilelile, mbona kidonda kidogo hivyo, kweli wamekuwekea chuma? Mama mkwe wa jirani yangu ndo alimaliza kabisa, akaniambia nimepigwa, nimelipia opareshen hewa 😂 Basi naandika hapa mara moja ili nisirudie stori kila nikienda dukani.

Nilidondoka na bodaboda, nikaangukia upande wa kushoto, mfupa wa mkono wa juu, ule wa kati ya bega na kiwiko, ukakatika katikati. Daktari hata eksirei hajaishika vizuri ananiambia nyoosha dole gumba, inua kiganja. Nikaona huyu vipi, mimi nalia mkono yeye anataka dole gumba. Kumbe kuna mshipa wa fahamu unapita nyuma ya huo mfupa umeuzunguka, mfupa ukikatika unaweza kuubana au kuujeruhi na kiganja kinaning'inia, huwezi kukiinua. Wangu ulikuwa mzima. Na wengi wanaopata hilo tatizo siku ya ajali mshipa unarudi wenyewe baada ya miezi, ila ni miezi ya wasiwasi.

Nilitegemea teatra siku hiyohiyo, wapi! Wakanivalisha kifaa cha plastiki cha kubana mkono kwa strepu. Nilinuna, nikadhani wananibania, lakini mfupa huu unaunga vizuri tu bila kisu kwa watu wengi na hata ukiunga umepinda kidogo hausumbui sana, maana bega linazunguka kila upande linafidia. Kuna utafiti wa Finland wa mwaka 2020, watu wazima 82, wengine opareshen wengine kifaa kama changu, baada ya mwaka mikono ilifanya kazi karibu sawa. Ila karibu theluthi moja ya waliovaa kifaa waliishia kupasuliwa tu. Mimi bahati yangu nikaangukia hukohuko, wiki ya tatu mfupa bado unacheza, nikigeuka kitandani nausikia kabisa unagonga, sitaki hata kukumbuka.

Sasa hapo ndo kwenye makovu. Njia ya zamani wanachana mkono kwa urefu, nyama zinasogezwa, mfupa unaonekana wote, chuma kinafungwa. Siku hizi kuna njia nyingine, unachanwa kidogo karibu na bega na kidogo juu ya kiwiko kwa mbele, halafu chuma kinasukumwa chini ya misuli kikilala juu ya mfupa kutoka tundu moja mpaka lingine. Pale palipovunjika hawafungui kabisa! Maana ngozi laini inayofunika mfupa na vimishipa vya damu ndo vinaleta uungaji, ukivikwangua unauchelewesha mwenyewe. Wanaona kwa mashine ya eksirei iliyopinda kama herufi C. Na nilichokipenda zaidi, kiganja chako wanakigeuza kiangalie juu kama mtu anaomba dua, ule mshipa unasogea mbali kidogo na chuma. Hayo alinieleza daktari kabla, mimi mwenyewe nilikuwa nusu kaputi sijui lolote.

Wapo wanaowekewa msumari ndani ya mfupa, unaingizwa kupitia begani, nao kidonda ni kidogo ila bega linaweza kuuma muda mrefu. Mimi daktari alichagua chuma cha bapa, skrubu tatu juu tatu chini.

Maumivu yapo jamani, asikudanganye mtu, kidonda kidogo sio maumivu kidogo. Mazoezi ndo balaa lenyewe, kupandisha vidole ukutani kama buibui, wiki nzima unapanda tofali moja. Kuchana nywele mwenyewe nimeanza juzi.

Yule mama nilimwonyesha picha ya eksirei kwenye simu, akaikodolea weee, akahesabu skrubu zote sita, kisha akauliza, "Sasa ukipita zile mashine za eapoti si zitapiga kelele?" Sijui mama yangu, ndege yenyewe sijapanda.