Nilivyoiandaa kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe kupokea Windows 11

Kompyuta ninayohariria picha za harusi na za sendoff sikuinunua dukani ikiwa kamili. Niliiunganisha mwenyewe mwaka 2019, kifaa kimoja baada ya kingine kadiri fedha zilivyopatikana: prosesa ya Ryzen 5 2600, ubao mama (ule unaobeba vifaa vingine vyote) wa aina ya B450, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 16, diski ya kawaida ya TB 1 kwa ajili ya picha, na SSD, yaani diski ya kasi, ya GB 240 niliyoitoa kwenye kompyuta yangu ya zamani pamoja na Windows iliyokuwa ndani yake. Navitaja kwa sababu karibu kila kimoja kilidai maandalizi yake nilipoamua kuiacha Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Aliyenunua kompyuta ya kampuni moja huingia katika tovuti moja, akaandika namba ya mashine yake, akapata kila kitu pamoja. Sisi tuliounganisha wenyewe hatuna pa kuuliza swali moja tukajibiwa yote. Ubao mama una mtengenezaji wake, kadi ya picha ina wake, hata kile kipokezi kidogo cha Wi-Fi kina wake, na hakuna kati yao anayejua kuhusu wenzake. Ndiyo maana nilitenga siku nne za maandalizi kwa kazi ambayo yenyewe huchukua muda mfupi tu.

Windows 11 inataka prosesa iliyomo katika orodha yake, RAM ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na ubao mama unaowasha kompyuta kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, wenye uwezo wa Secure Boot, yaani kinga inayozuia programu zisizoaminika kuwaka pamoja na kompyuta. Kwa upande wa AMD, orodha huanzia kwa kawaida kwenye kizazi cha Ryzen 2000. Kwa upande wa Intel, kizazi cha 8. Yangu ilipita kwa kuponea chupuchupu. Mdogo wangu ana Ryzen 5 1600, nayo haimo. Zipo njia za kuukwepa ukaguzi huo, ila sikumshauri azitumie katika mashine anayoitegemea kwa riziki. Nilimwambia aandikishe kompyuta yake katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, huku akiweka akiba ya prosesa nyingine. Ubao wake wa B450 unapokea prosesa mpya zaidi bila kubadilisha kifaa kingine, ingawa huenda programu ya ndani ya ubao ikahitaji kusasishwa kwanza.

Watu wengi huambiwa na programu ya ukaguzi kwamba kompyuta yao haina TPM, nao huenda kutafuta chipu ya kununua. Wasifanye hivyo kabla ya kuchungulia menyu ya BIOS, ile programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Katika prosesa za AMD za miaka hii TPM imo ndani kwa jina la fTPM, na katika za Intel kwa jina la PTT. Mara nyingi imezimwa tu. Ukiandika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, utaona kama ipo na ni ya toleo gani.

Nilianza na nakala rudufu. Picha za wateja hazirudiwi kupigwa, kwa hiyo nilizinakili zote kwenye diski ya nje, kisha nikaichomeka diski hiyo kwenye laptopu ya mke wangu na kufungua mafaili kadhaa ya kila harusi. Nakala ambayo haijafunguliwa kwenye mashine nyingine siihesabu kuwa nakala. Niliandika pia kwenye daftari namba za leseni za programu zangu, na nikapakua mapema draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayokiendesha kipokezi hicho, na kuiweka kwenye flashi, kwa kuwa kipokezi kikigoma baada ya kuhama, huwezi kuingia mtandaoni kutafuta dawa yake.

Kazi iliyonitia hofu zaidi ilikuwa kusasisha BIOS. Nilikuwa na sababu ya kutoiruka: mwaka 2022 AMD ilieleza kwamba fTPM inaweza kusababisha kompyuta kukwamakwama kwa muda mfupi, na dawa yake ikaja ndani ya BIOS mpya. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hili, ubao mama unaweza kufa kabisa. Nilichagua Jumapili alfajiri, nikaichomeka kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) niliyokuwa nimeijaribu jana yake, na nikanunua umeme wa LUKU wa kutosha ili uniti zisiishe wakati mbaya. Nilisoma jina kamili la ubao na toleo lake yalivyochapwa juu ya ubao wenyewe, kwa kuwa mbao mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana toleo na zikatumia mafaili tofauti. Zoezi lilikwisha kwa dakika chache, nami sikugusa kitu hadi kompyuta ilipojiwasha yenyewe.

Mwenye kutumia BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, asimamishe ulinzi huo kwanza, na awe na ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 ulioandikwa mahali pengine. Baada ya BIOS kubadilika, kompyuta ya AMD inaweza kuuliza kama ifute kumbukumbu za fTPM. Ukikubali bila ufunguo huo, diski haitafunguka.

Hapo ndipo nilipokosea mpangilio. Nilizima CSM, yaani ule mtindo wa zamani wa kuwasha, kabla ya kuigeuza SSD. Diski ile, kwa kuwa ilitoka kwenye kompyuta ya zamani, ilikuwa imegawanywa kwa MBR, mpango wa zamani wa kugawa diski, ilhali UEFI huhitaji ule mpya wa GPT ili kuiwasha Windows. Skrini ikanirudisha kwenye menyu ya BIOS kana kwamba hakuna mfumo wowote ndani. Hakuna kilichopotea, niliiwasha CSM tena na Windows ikafunguka. Kisha nikafuata utaratibu unaopasa. Windows 10 inayo programu iitwayo mbr2gpt, ambayo hugeuza diski bila kufuta mafaili. Kwanza niliiamuru ikague kwa neno /validate, ikakataa, kwa sababu diski ilikuwa na migao minne na programu hiyo hukubali isiyozidi mitatu. Mgao wa nne ulikuwa mabaki ya kompyuta ya zamani. Nilipouondoa, ukaguzi ukapita, nikatoa amri ya /convert pamoja na /allowFullOS, kisha bila kuchelewa nikaingia BIOS, nikazima CSM, nikawasha fTPM na Secure Boot. Programu ya msinfo32 ilithibitisha kuwa sasa kompyuta inawaka kwa UEFI.

Kuhama kwenyewe nilikufanya usiku, baada ya kuchomoa diski ya picha na kufuta mafaili ya muda yaliyokuwa yameijaza SSD. Asubuhi kompyuta ilikuwa ndani ya Windows 11, Wi-Fi ikifanya kazi, programu zote zikiwepo. Picha zilichelewa kidogo kufunguka, nikakumbuka kwamba BIOS mpya ilikuwa imerudisha RAM kwenye kasi yake ya msingi. Nikaiwasha XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili, na hali ikawa ya kawaida. Folda ya Windows.old, inayowezesha kurudi kwenye Windows 10 ndani ya siku 10, niliiacha mahali pake. Siku ya tisa, baada ya kukabidhi kazi ya harusi nzima bila tatizo, niliifuta.