Aptama za HER2: raundi ya 6 imenirudisha nyuma

Juzi usiku nilipowasha taa ya buluu chini ya jeli, mahali pa mstari mmoja mwembamba wa DNA ya urefu wa herufi 80 palikuwa na ukungu uliopanda hadi karibu na visima vya kuwekea sampuli. PCR, yaani kunakili DNA kwa mizunguko, imepitilizwa: praima (vipande vifupi vinavyoanzisha kila nakala) zikikaribia kuisha, nyuzi huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Nilikuwa nimeipeleka mizunguko 25.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: natafuta aptama, yaani vipande vifupi vya DNA ya uzi mmoja vinavyojikunja hadi vikapata umbo la kunasa HER2, kipokezi kinachojazana kupita kiasi juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Mbinu ni SELEX, ile ya mwaka 1990: unachuja, unazalisha kilichonasa, unachuja tena; kila mara ni raundi moja. Nilianza na nanomoli 1, yaani nyuzi kama trilioni 600, kila uzi na herufi 40 za nasibu katikati. Ni nyingi, lakini hazifiki hata sehemu moja ya bilioni ya michanganyiko yote inayowezekana.

Ukungu ule ungesameheka. Kilichoniuma ni kipimo cha jana. Nyuzi za raundi ya 6 nilizigawa mafungu mawili: moja kwenye shanga za sumaku zenye HER2, jingine kwenye shanga tupu. qPCR, PCR inayopima kiasi cha DNA iliyonaswa (ikiwa nyingi, huonekana mzunguko wa mapema), ikaonyesha mzunguko wa 23.6 na wa 24.1. Nusu mzunguko tu! Wiki saba nimekuwa nikilea nyuzi zinazopenda kobalti iliyo juu ya shanga zenyewe, na HER2 imekaa pale bila mteja. Kipimo hiki kilipaswa kufanyika raundi ya 2, na sitakiruka tena.

Nimetoa friza nyuzi za raundi ya 3. Zitapita kwanza kwenye shanga tupu mara mbili, na zisizonasa ndizo zitakazokutana na HER2. Protini naipunguza kutoka pikomoli 100 hadi 20, ili zigombanie nafasi. Raundi moja nitatumia karatasi ya nitroselulosi, maana uzi uliozoea shanga hautapata pa kujishikiza. Mwisho kabisa ni seli zenyewe, za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara: SK-BR-3, zilizojaa HER2, dhidi ya MDA-MB-231, zenye kidogo sana. Protini iliyosafishwa haina umbo lile lile kila mara na iliyo kwenye utando wa seli.

Leo nimechota sampuli ya PCR kila baada ya mizunguko miwili. Wa 12 umetoa mstari safi. Wa 14 ukungu umeanza. Nasimamia 12.