Huku Yorkshire, "tea" inaliwa

Ukialikwa na mtu wa Yorkshire au Lancashire uende kwake "for your tea" saa kumi na moja jioni, nenda na njaa yako. Utakuta soseji, viazi vya kuponda na njegere, pengine pai ya nyama. Chai yenyewe inaweza isionekane mezani hata tone. Kwa wengi wa kaskazini mwa Uingereza, "tea" ni mlo wa jioni na "dinner" ni chakula cha mchana. Ndiyo maana akina mama wanaopakua chakula shuleni mchana huitwa "dinner ladies". Ukishuka London, wengi watakwambia "dinner" ni ya usiku.

Sisi hatuna haki ya kuwashangaa. Nyumbani ukiulizwa asubuhi "umekunywa chai?", anayeuliza hana shida na kikombe. Anataka kujua kama umeshatia kitu tumboni, iwe mihogo, vitumbua au kiporo cha jana. Waingereza walifika huko huko kwa njia yao. Mwaka 1784 bunge lao lilishusha ushuru wa majani ya chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5, na chai ikazidi kuingia kwa watu wa kawaida. Baadaye wafanyakazi wa viwandani na migodini wakawa wanarudi jioni hoi, wanakula nyama na mkate huku birika liko mezani, na mlo mzima ukachukua jina la kinywaji. Ile ya mabwanyenye, yenye visandwichi na keki saa za alasiri, ni "afternoon tea", na siku hizi mnaifuata hotelini kwa bei ya kutoa jasho.

Ninaowaandikia hasa ni mnaokuja kuhudumia wazee, maana tuko wengi. Katika nyumba nyingi za wazee huku, "dinner" ni saa sita na kitu mchana, "tea" inaanza kama saa kumi na nusu jioni, halafu kuna "supper", yaani maziwa ya moto na biskuti kabla ya kulala. Ukipokea zamu ukaambiwa "she's not had her tea", bibi huyo hajala. Ukimpelekea kikombe kisha ukaandika "had tea", atakayekupokea atasoma kwamba ameshiba. Kama bibi ana kisukari na ameshachomwa insulini, hapo hakuna cha kuchekesha. Andika ulichokiona: supu yote, nusu sandwichi, kikombe kimoja cha chai. Na unapomuuliza kama anataka kinywaji, sema "a cup of tea", usiishie "tea" tupu.

Kwenye kazi utasikia pia "tea break". Hiyo ni mapumziko tu, hata ukinywa maji. Sheria inampa mtu mzima anayefanya kazi zaidi ya saa sita kwa siku dakika 20 za kupumzika bila kukatizwa, ila haimlazimishi mwajiri kuzilipia, kwa hiyo soma mkataba. Ukinyanyuka kuchemsha maji, waulize wenzako wote, maana anayejimiminia peke yake husemwa. Wengi hapo watakiita kikombe hicho "brew".

Wala usijaze begi majani ya chai kutoka nyumbani. Hata Yorkshire Tea, pamoja na jina lake, huchanganywa na majani ya Kenya na Rwanda. Iliki na tangawizi zimejaa kwenye maduka ya Wapakistani pale Bradford. Unachopaswa kujihadhari nacho ni neno letu wenyewe: ukiingia mgahawani ukaagiza "chai", utaletewa kitu chenye viungo, maziwa ya povu na sukari ya kutosha harusi, na baadhi ya menyu zimekiandika "chai tea". Chai chai! Mimi huagiza kahawa.